Tupeane uzoefu: Ulikwama wapi ulipokuwa unatafuta wafuasi mtandaoni?

Fundi wa Kichangani:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Morogoro, natengeneza, sishoni. Mwaka 2021 nilifungua chaneli YouTube nikiwa na simu ya kioo kilichopasuka na stendi niliyoichomelea mwenyewe kwa nondo. Nilijipa miezi mitatu niwe maarufu. Ilipoisha nilikuwa na wafuasi 19, watano kati yao wanakula kwangu.

Nikaona mada ndiyo mbaya, nani ana muda wa kuangalia mafundi? Nikahamia vichekesho. Nilimvalisha shemeji yangu dera, nikamfanya mama mkwe. Video sita. Zilishafutwa, tusizizungumzie.

Siku moja kijana wa jirani akanionyesha ule mchoro wa sekunde ambayo watazamaji wanaondoka. Mstari ulikuwa unaporomoka sekunde ya 20. Nikafungua video nione sekunde ya 20 nafanya nini. Nilikuwa bado nasalimia! Shikamoo kwa wazee, mambo kwa vijana, salamu kwa walioko ughaibuni, pole kwa wagonjwa. Cherehani yenyewe inaonekana dakika ya pili.

Video iliyofuata nilianza na sindano mkononi: "Uzi wako unakatika kwa sababu sindano umeigeuza. Huu mfereji mrefu unatakiwa uangalie upande unaoingizia uzi." Dakika moja na nusu, nikazima. Haikulipuka. Leo watu saba, kesho kumi na wawili, hivyo hivyo karibu mwaka mzima. Lakini ndiyo inayoniletea wateja hadi sasa.

Nawaandikia wale wanaotaka kufuta chaneli usiku huu. Wewe ulikwama wapi?

Bintipwani:
Mimi niko Mombasa, nauza mahamri na mbaazi. Nasema kweli, mimi nilinunua wafuasi. Elfu tano, kwa pesa ambayo ingenitosha unga wa wiki mbili. Nikaposti mahamri yangu, hao elfu tano wametulia kama maji ya mtungini. Watu gani hao, hata njaa hawasikii? Baada ya muda wakaanza kupungua wenyewe, leo mia, kesho mia mbili, na nitamdai nani?

Kilichonitoa ni aibu nyingine. Niliingia mubashara Facebook asubuhi kuonyesha ninavyopika, unga ukakataa kuumuka. Hamira ilikuwa imekufa, na mimi nishaanza, watu wanatazama. Nikayatia karaini vivyo hivyo, yakatoka bapa, magumu. Shangazi yangu akaandika mbele za watu: "Mwanangu, hayo ni ya kula au ya kumpigia paka?"

Wallahi nilitaka kuzima simu. Lakini watu walianza kuelezana nani hamira ilimfanyia hivyo Ramadhani ya mwaka gani, nikabaki. Nikawaambia pale pale: hamira itie kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo, ngoja dakika kumi, isipotoa povu usiipotezee unga. Wateja wangu watatu wa kwanza wa mtandaoni walitoka hapo. Mmoja aliagiza akasema, "lakini yale yaliyofura, tafadhali."

Mfugaji wa Uyole:
Dada umenichekesha. Langu mimi ni hesabu. Ili YouTube wakugawie pesa za matangazo kwa video ndefu unatakiwa wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa. Wengi hatusikii maneno yanayofuata: ndani ya miezi 12 iliyopita. Wafuasi nilikuwa nao. Saa nilifika 3,600, kuku wakapata mdondo, nikaacha kurekodi miezi mitatu kuhangaika na banda. Kurudi nakuta saa 3,100. Saa za mwaka uliopita zilikuwa zinatoka kwenye ile miezi 12, na hakuna mpya za kuziba. Nilidhani wameniibia, kumbe ndivyo inavyohesabiwa.

Nilipofuzu ikaja ya posta. Mapato yakifika dola 10 wanakutumia namba ya siri kwa barua, barua ya karatasi kabisa! Sina sanduku, nikatumia la shule anayofundisha mke wangu. Barua ya kwanza haikuonekana. Ya pili mhasibu wa shule aliikuta imebanwa katikati ya bahasha za mitihani, wiki ya tisa. Ukizidisha miezi minne bila kuingiza ile namba, matangazo yanasimama. Na hata hapo hulipwi mpaka zifike dola 100. Kwa hiyo mkisema subira, mimi nina funguo za sanduku la posta mfukoni.

Kalamu Butu:
Niseme tofauti kidogo. Si kila anayeacha amekosa subira. Nilikuwa na blogu ya habari za wilaya yetu, wasomaji wachache lakini wa kweli. Zikaja kanuni za maudhui mtandaoni za Tanzania za 2018: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Blogu ilikuwa haijaniingizia hata laki mbili. Nikafunga. Watu walinipa moyo sana, hakuna aliyenipa milioni.

Siku hizi naandikia watu barua za maombi na katiba za vikundi. Nalala vizuri. Anayeanza leo ajiwekee kabisa kiasi cha bando na muda anaoweza kuupoteza bila watoto kulala njaa.

Msikilizaji:
Lakini Khaby Lame alipoteza kazi ya kiwandani Italia Machi 2020, na Juni 2022 akawa ndiye mwenye wafuasi wengi kuliko wote TikTok. Inawezekana wakuu!

Mfugaji wa Uyole:
Mkuu, huyo usimfanye rula. Chukua MrBeast wa YouTube: alianza 2012 akiwa na miaka 13, na ile video aliyokaa akihesabu hadi laki moja, iliyomfanya azungumziwe, ni ya Januari 2017. Hiyo miaka katikati nani aliisimulia?

Fundi wa Kichangani:
Kalamu Butu, nimekuelewa, na ile ada hata mimi ingenifunga. Mimi sijawahi kuiacha karakana siku moja kwa ajili ya video. Narekodi kazi ya mteja akiniruhusu, vinginevyo naendelea kukaza nati.

Mama Upendo:
Samahani natoka nje ya mada. Fundi, yangu inaruka mishono, hasa kwenye jinzi. Ulishaweka video?

Fundi wa Kichangani:
Bado, dada. Badilisha sindano kwanza, weka namba 16, inaelekea hiyo uliyonayo ni nyembamba au imepinda. Ikiendelea kuruka nitumie picha ya sindano na bobini. Jumamosi nairekodi, na salamu sitoi.