Unampimaje raningibeki (mkimbiza mpira) kwenye mechi za maandalizi za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani?

Mzee_wa_Yadi
Wakuu, naomba macho yenu. Timu yangu ina maraningibeki 6 kambini na watakaobaki ni 3, wakizidi sana 4. Kuna dogo hakuchaguliwa kwenye drafti, ule uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya. Juzi kabeba mpira mara 12, yadi 84, wastani 7.0, na tachidauni moja (kaufikisha mpira eneo la goli). Mitandaoni ni shangwe tupu, lakini kwenye orodha ya kocha bado ni wa 5, na aliye mbele yake alipata yadi 19 tu! Kocha anaona nini ambacho mimi sikioni? Nikirudia mkanda nikodolee wapi?

Chaki_Ubaoni
Mkuu, kwanza zivunje hizo yadi 84. Mbio ndefu kuliko zote ilikuwa ya ngapi? Kama moja ilikuwa ya 51, zinabaki 33 kwa mara 11, yaani 3.0 kila akibeba. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Achana na wastani, hesabu mbio zilizofanikiwa (timu ina dauni nne, yaani majaribio, za kusogeza yadi 10): dauni ya kwanza apate asilimia 40 ya yadi zinazotakiwa (4 kati ya 10), ya pili asilimia 60 ya zilizobaki, ya tatu na ya nne amalizie zote.

Pili, andika robo ya mchezo mbele ya kila mbio. Timu inaingia kambini na watu hadi 90 na lazima ishuke hadi 53, na tangu 2023 panga linapita siku moja. Wanaokaba robo ya nne wengi ni haohao watakaoondoka. Yadi 5 robo ya kwanza, mbele ya walinzi wanaoanza, zina uzito kuliko 20 za saa nne usiku wakati nusu ya uwanja imeshaenda nyumbani.

Tatu, simamisha picha pale anapoguswa mara ya kwanza. Akiguswa akiwa ameshavuka yadi 6, wapongeze vijana wa mstari wa mbele, wanaomfungulia njia. Akiguswa nyuma ya mstari mpira ulipoanzia na bado akaambulia 3, hizo ndizo zake.

Bega_kwa_Bega
Chaki kamaliza upande wa mpira. Sasa mtazame dogo akiwa hana mpira, hasa dauni ya tatu, maana raningibeki mgeni akikatwa mara nyingi ni kwa kushindwa kumlinda kwotabeki, mrusha pasi.

Kabla mpira haujaanza, kichwa chake kinaelekea wapi? Anatakiwa awe ameshamjua lainibeka wake (mlinzi wa safu ya pili wa wapinzani). Ikija blitsi (walinzi wa ziada wakimvamia kwotabeki), sheria ni ndani kwanza, nje baadaye, kwa sababu njia fupi ya kumfikia kwotabeki inapita katikati. Wakija wawili amchukue wa ndani. Wa nje ana safari ndefu, na kwotabeki atapata muda wa kuutoa mpira. Mgeni hufanya kinyume: anamfuata aliyemwona kwanza.

Kisha angalia miguu. Anatakiwa apande kumpokea mtu karibu na mstari. Akimngojea nyuma, hata akimzuia vizuri, atasukumwa mpaka kwenye magoti ya kwotabeki na pasi itatoka mbovu. Magoti yakunjwe, mikono iingie kifuani, macho juu. Akiinamisha kichwa na kujirusha kwa bega, lainibeka anapiga hatua moja pembeni, kwisha habari.

Shida ni kwamba timu hazipendi kuonyesha blitsi zao Agosti, kwa hiyo kwenye mechi 3 nzima unaweza kumwona akilinda mara chache tu. Kocha ana mazoezi ya ana kwa ana, raningibeki dhidi ya lainibeka, siku baada ya siku. Ndiyo maana orodha yake haifanani na ya mitandaoni.

Mguu_wa_Pembe
Mmesahau vikosi maalumu, vile vya mipira ya mateke. Kati ya 53, siku ya mechi wanavaa jezi 48, na hao ni endapo wa mstari wa mbele ni 8 au zaidi. Raningibeki wa 3 asiyekimbia kwenye vikosi vya kupiga na kupokea anakula nafasi bure. Terrell Davis alichaguliwa raundi ya 6 mwaka 1995, mtu wa 196. Kilichowafanya makocha wa Denver wamwone ni jinsi alivyompiga kikumbo mrudisha mpira wa San Francisco kwenye mechi ya maandalizi kule Tokyo, na mwaka 1998 akakimbia yadi 2,008.

Na tangu 2024 mpira wa kuanzia (teke la kufungua mchezo) umebadilika. Mpigaji yuko yadi ya 35 ya kwao, wenzake 10 wanasubiri kwenye 40 ya wapinzani, na ukidondoka kati ya mstari wa goli na yadi ya 20 lazima urudishwe. Kuurudisha sasa kunafanana na mbio za kawaida: unausogelea ukuta, unaona mwanya, unakata mara moja. Aliyepangwa kurudisha na kundi la kwanza, mwandike.

Kata_Moja
Mnamwonea dogo kidogo. Mfumo nao uangaliwe. Kwenye mbio za zoni ya nje raningibeki aukimbilie ukingo, awavute walinzi, kisha akate mara moja tu kwenda mbele. Akicheza miguu hapo, kosa ni lake. Lakini kama mlinzi wa pembeni kapenya sekunde ya kwanza, hakuna wa kumlaumu yeye.

Pia mtazame anavyoshika mpira. Akikimbilia pembeni, uhamie mkono wa upande wa mstari wa nje. Kiwiko kikiachana na mbavu hata kama hajaudondosha, kocha ameshaweka alama nyekundu.

Mzee_wa_Yadi
Nimerudia mkanda. Mbio ndefu ilikuwa ya 47. Kati ya 12, mara 9 ni robo ya nne. Kulinda kwotabeki ni mara 3: mbili safi, moja kamfuata wa nje na wa ndani akapita katikati bila kuguswa. Vikosi maalumu hayupo kabisa. Yule wa yadi 19 yumo kwenye vikosi vitatu.

Bega_kwa_Bega
Basi kocha yuko sawa kwa leo. Mechi ijayo mwangalie kwenye kikosi cha kumlinda mpiga panti (teke la kuuondoa mpira). Wakimwingiza hapo kabla ya mapumziko, ujue wanamjaribu kwa nafasi ya 3. Asipoonekana, kikosi cha mazoezi kina watu 16, ila lazima kwanza apite muda wa kuachwa wazi bila timu nyingine kumdaka, na hizo yadi 84 zinaweza kumponza hapo.

Mzee_wa_Yadi
Duh. Kwa hiyo nimwombee apate yadi chache?

Mguu_wa_Pembe
Mwombee apige mtu kwenye mpira wa kuanzia.