Sai-fai ya milioni 20 hapa Mwanza: bajeti inakaaje na mwenye hela unamwambia nini?

Mkolani_Picha:
Wakuu habari za muda huu, wakubwa shikamooni. Mimi na wenzangu tupo Mwanza hapa, tumeshuti video za muziki na harusi kwa miaka kadhaa sasa tunataka kutoka na filamu yetu ya kwanza na tumeamua iwe sai-fai (stori ya kubuni ya kisayansi), manake mapenzi na uchawi vimeshafanywa sana na hii ndo kitu tunaipenda toka wadogo. Stori ni ya dada mmoja mnunuzi wa dagaa pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni, usiku anaangalia ziwani anaona taa za wavuvi kama siku zote ila kuna taa moja haina mtumbwi, na kila mvuvi anayeisogelea anarudi nchi kavu hakumbuki jina lake. Kuanzia ukurasa wa 40 stori inaruka mpaka mwaka 2090, magari yanapaa juu ya Capri Point, kuna vita na kuna chombo kikubwa kinatua pale jiwe la Bismarck.

Hela tunayoiona ni milioni 20. Nane tumejichanga, 12 kuna mzee mmoja mfanyabiashara wa samaki ameonyesha nia ila kasema tumpelekee andiko fupi linaloeleweka. Bajeti inapangwaje kwa hela hiyo? Na huyo mzee tunamwelezaje, manake nikitaja tu chombo cha anga naona kabisa sura inabadilika. Naombeni msaada, tupo siriasi.

DadaProdakisheni:
Hongera sana mdogo wangu, hiyo taa isiyo na mtumbwi nimesoma mwili ukanisisimka. Ila filamu yako inaishia ukurasa wa 39. Hayo ya 2090 ni filamu nyingine, iweke kabatini itafika siku yake. Ukiyabana yote kwenye milioni 20 magari yataonekana ya bandia, na mtazamaji akishaona bandia moja hata ile taa yako nzuri hataiamini tena.

Watu wengi wanaandika kwanza halafu ndo wanaanza kukata kata kulingana na hela, inabaki stori yenye mashimo. Anza na vitu mlivyonavyo, stori itoke humo. Shane Carruth wa Marekani alitengeneza Primer kwa dola kama 7,000 tu, ni mashine ya kurudi nyuma ya muda na humo kuna masanduku, gereji na watu wanaongea, mwaka 2004 ikabeba tuzo kubwa ya majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance. Hapa jirani Wanuri Kahiu wa Kenya alifanya Pumzi ya 2009 kuhusu dunia iliyoishiwa maji, yeye alikuwa na wafadhili sawa, lakini ni dakika 20 na kidogo tu. Na nyie fikirieni urefu, dakika 80 sio lazima.

Sasa angalia ziwa linakupa nini bure. Taa nyingi zinaelea gizani mpaka macho yanaishia, kwenye kompyuta hiyo kitu ungelipa fundi wiki nzima na isingefanana. Lakini pangeni ratiba kwa kufuata mwezi wa angani, wikiendi zenu hazina kazi hapa. Wavuvi wa dagaa wanafuata giza, mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti dagaa vizuri na mitumbwi mingi inapumzika, kwa hiyo mkikodi kamera mwezi mpevu mtalipa kukodi kuangalia maji matupu. Muulizeni mvuvi kwanza giza linaanza lini ndo mkaweke nafasi ya vifaa. Tena msisubiri usiku wa manane. Ule muda wa saa moja kasoro mpaka saa moja na robo, anga bado ina bluu kidogo, milima ya mawe inaonekana kivuli na taa zimeshawashwa, hapo ndo picha yenu ilipo. Mkichelewa kamera za bei yenu zitaona nukta nyeupe kwenye weusi basi, hamna ziwa hamna kitu. Hiyo ni nusu saa kwa siku, kwa hiyo tengeni jioni nne au tano kwa ajili ya ziwa peke yake na mchana mshuti za ndani.

Fundi_wa_Sauti_Igoma:
Dada kamaliza upande wa picha, mi naomba niseme sauti kwa sababu kwenye bajeti za vijana huwa naiona mwisho kabisa imeandikwa laki moja. Kwenye sai-fai ya hela ndogo sauti ndo efekti yenu. Ile taa mtazamaji ataiogopa kwa sababu ikitokea upepo unakata ghafla, mawimbi yanakata, vyura wanakata, kinabaki kitu chini chini hata hajui anakisikia au la. Hiyo gharama yake ni fundi mzuri na muda.

Kwenye mtumbwi mashine izimwe, mpige kasia, manake mlio wa injini hauondoki kwenye maongezi. Maboya ya kuvaa ni lazima kwa kila mtu bila mjadala, ila yale yanasugua maiki ya kifuani kila mtu akipumua, kwa hiyo bandika maiki juu kwenye kola au kwenye ukingo wa kilemba cha huyo dada na mfanye majaribio mkiwa bado nchi kavu. Maiki ya bumu, ile ya kwenye fimbo ndefu, ivalishwe manyoya, upepo wa ziwa jioni sio wa mchezo. Na Mwaloni penyewe asubuhi ni makelele matupu, shutini picha pale halafu maongezi ya karibu mkarudie sehemu iliyotulia.

Mzee_wa_Vibali:
Vijana salamu. Nimesimamia uzalishaji muda mrefu, nawapa hesabu niliyopiga hapa kwa siku 12 na watu 11, mtarekebisha kwa bei mtakazopata. Chakula na maji elfu 10 kwa mtu kwa siku inafika 1,320,000, na hiyo msiiguse hata kidogo, mtu mwenye njaa saa tano usiku ufukweni hafanyi kazi. Posho wastani wa elfu 30 inakuja 3,960,000. Kamera, lenzi na taa 250,000 kwa siku, jumla milioni 3. Sauti laki moja kwa siku, 1,200,000, na usafiri hivyo hivyo. Mtumbwi na mwenyewe usiku minne, laki nane. Hapo mmefika 11,480,000. Milioni moja mavazi na vifaa vya stori, milioni moja vibali na hard disk mbili za kuhifadhia picha (mbili, kila siku mnakopi kote kabla ya kulala). Halafu 4,500,000 ya kuediti, rangi, sauti na efekti, na inayobaki ni dharura, haitumiki mpaka wote mkubaliane. Hiyo 4,500,000 ndo inayoliwaga njiani wakati wa kushuti, ikae akaunti tofauti. Programu wala zisiwatishe, Blender ya efekti ni ya bure na DaVinci Resolve ya kuediti ina toleo la bure, mnamlipa mtu na muda wake.

Vibali: Bodi ya Filamu kabla hamjashuti, droni TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na mkitaka kisiwa cha Saa Nane kumbukeni ni hifadhi ya taifa kuna kiingilio na ruhusa. Serikali ya mtaa na uongozi wa mwalo mkawaone mapema kwa heshima.

Kuhusu huyo mzee, hatari anaijua kuliko nyie. Kila siku anatoa hela ya mafuta na barafu kabla hajaona samaki. Atawauliza inarudi vipi, lini, na ikishindikana je. Mjibuni ukweli, kwamba mtaomba televisheni inunue haki ya kuonyesha kwa muda maalumu, mtafanya maonyesho ya kiingilio, na kwamba filamu ya kwanza inaweza isirudishe yote. Kila shilingi itakayoingia yeye anarudishiwa kwanza mpaka 12 yake iishe, ndo mnagawana, na iandikwe kwenye mkataba. Neno sai-fai liache nyumbani. Mwambie stori ya dada na taa, kwa sentensi mbili, yeye mtu wa ziwa ataiona.

Mkolani_Picha:
Shukrani sana wakuu, tumekaa leo tumekubaliana 2090 inatoka. Swali la mwisho mzee wangu, tumwombe 12 yote kwa mkupuo au tuigawe?

Mzee_wa_Vibali:
Igaweni. Kwanza chukueni laki sita au saba kwenye ile nane yenu, giza linalokuja mshuti dakika mbili tu, dada amesimama mwaloni anahesabu taa na moja imezidi, sauti aifanye fundi wa kweli. Mkamwonyeshe kwenye laptopu na hedifoni nzuri masikioni, andiko ukurasa mmoja mkononi na bajeti nyuma yake. Kisha mwombeni 7,500,000 ya kushuti, na 4,500,000 ya kumalizia aitoe akishaona picha zote zimepatikana.

DadaProdakisheni:
Naunga mkono. Na wa kumwigiza huyo dada msimtafute kwenye kurasa za mitandaoni, nendeni Mwaloni mkaongee na wanunuzi wa dagaa wenyewe, kuna wanawake pale wakiongea huwezi kuacha kuwaangalia. Skripti mpya mkiandika nitumieni inboksi niisome.