Yadi iliniambia S kwenye karatasi ya mnada ni "safi", nyie mkaniambia Toyota Celica ya zamani ni chuma. Leo jeki imetoboa gari!

Wakuu, wasimamizi naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa magari ya zamani na ya sasa, maana ule ndio ulionifikisha hapa. Niacheni nitoe povu langu peke yangu.

Nipo Tanga, Ngamiani, nimekalia tairi la gari langu mwenyewe. Mikono ina grisi, simu ina grisi, msinisahihishe herufi.

Wanaokumbuka, mwaka jana nilikuja hapa na swali moja. Nina milioni 11, za kiwanja alichotuachia marehemu baba, nataka Celica. Nichukue kizazi cha sita, ile ya taa nne za mviringo iliyotoka 1993, au cha saba, ile yenye sura kama kisu iliyotoka 1999? Majibu yakamwagika kama mvua ya masika. "Mkuu chukua ya zamani, hiyo ni chuma." "Ya saba ni kopo la soda." "Ya zamani ukifunga mlango unasikia dup! Ya saba unasikia kabati la jikoni." Mmoja akaapa kabisa kwamba kizazi cha sita ndicho kilichobeba Safari Rally, akapigiwa makofi ukurasa mzima. Waliosema ya saba walikuwa wawili, mkawafukuza kwa matusi. Mmoja wao hajaonekana tena humu, na kama anasoma, kaka, nisamehe, nami nilicheka.

Nikapanda basi Kange alfajiri mpaka Dar. Yadi siitaji, muuzaji simtaji. Ilikuwepo ST202, yaani kizazi cha sita, ya 1996, rangi ya fedha, inang'aa mpaka unachania nywele kwenye mlango wake. Nikafunga mlango. Dup! Jamani, ile sauti. Nikafungua, nikafunga tena. Dup! Moyo ukaridhia kabla sijauliza bei.

Sikuwa mjinga kabisa, niliomba karatasi ya mnada wa Japani. Akaileta bila kusita, na hapo ndipo ningeshtuka. Ina ule mchoro wa gari kama ngozi iliyowambwa, herufi zimesambaa pembeni. Nikamwonyesha chini ya milango, pande zote mbili.

"Hii S2 ni nini, ndugu yangu?"

"Bosi, S ni safi. S2 safi mara mbili."

"Na hii C huku nyuma?"

"C si Celica hiyo, bosi wangu?"

Nikacheka naye. Nikalipa.

Sasa sikilizeni, na kama hamtachukua kingine humu chukueni hiki: S ni *sabi*, Kijapani cha kutu. C ni pale kutu ilipokwisha kula bati. A mkwaruzo, U pamebonyea, W bati limewahi kunyooshwa, XX kipande kimebadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa wa tatizo. Mjapani wa watu aliandika ukweli wote kwa mkono wake, akanitumia mpaka Tanga, mimi nikasomewa na mwizi.

Leo asubuhi nataka kubadilisha brekipedi za mbele. Nimeweka jeki pale panapotakiwa, kwenye ule mkunjo wa bati chini ya mlango, penye alama ya kiwandani. Napampu. Gari halipandi. Napampu tena. Jeki inapanda, gari liko palepale. Ile jeki iliingia ndani ya bodi taratibu, kama mwiko kwenye bokoboko, hata kelele haikupiga. Nikaishusha. Kikaanguka kipande cha puti, ule udongo wa kuzibia bati, kipana kama kiganja, nyuma yake wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, na nyuma ya wavu karatasi zilizosokotwa.

Nikazivuta zile karatasi. Gazeti. La Kiswahili, wakuu. Kipande kimoja kina tangazo la chumba na sebule, Mbagala. Kwa hiyo msiniambie Japani. Huko lilitoka na kutu yake imeandikwa wazi, puti ilipigwa hapahapa nchini na mtu anayesoma matangazo ya vyumba.

Nikamwita mzee mmoja fundi wa bodi, yupo mtaa wa tatu kutoka kwangu, amenyoosha mabati tangu enzi za Peugeot 504. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yako kwenye gari. Akatoa mfukoni sumaku ya spika ya redio mbovu, akaanza kuipitisha. Kwenye boneti inang'ang'ania. Paa, inang'ang'ania. Akashuka chini ya mlango, sumaku ikadondoka. Nyuma ya tairi la nyuma, ikadondoka. Theluthi ya chini ya mlango wa dereva, ikadondoka.

"Mwanangu," akasema, "hili gari la udongo. Likinyeshewa sana litaota mchicha."

Nikamwambia lakini mzee, mbona mlango ukifungwa unatoa sauti nzito? Akaniangalia kwa huruma. "Si ndiyo hiyo puti?"

Ile dup yenu, ile mliyoisifia kurasa nne, kwangu mimi ilikuwa uzito wa udongo.

Sasa njooni kwenye hoja, maana najua wajuaji wanachapa tayari. Nakubali injini ya zamani ni injini. 3S-GE niliyonayo ina bloku ya chuma, lita mbili, ikichakaa silinda unachonga, unaweka pistoni kubwa, maisha yanaendelea. Kizazi cha saba wakaweka 1ZZ-FE na 2ZZ-GE, lita 1.8, bloku za alumini. 1ZZ ina vifuko vyembamba vya chuma ndani ya alumini, na 2ZZ haina kabisa vifuko vya namna hiyo, kuta za silinda ni alumini iliyoimarishwa. Kuchonga hizo si kazi ya gereji zetu za Ngamiani. Na 1ZZ za mwanzo zinajulikana dunia nzima kwa kula oili, kwa sababu ya matundu madogo ya kurudishia oili kwenye pistoni, wakaja kuyarekebisha kwenye matoleo ya baadaye. Yote nakubali. Injini yangu mpaka dakika hii naandika inawaka nusu ufunguo, inapumua kama mtoto aliyelala. Injini nzima. Haina pa kukaa!

Nyie mkisema "ubora" mnasema injini tu, na sauti ya mlango. Bodi je? Viungio je? Rangi ya msingi ndani ya mabomba ya bati ambayo jicho halifiki je? Gari si injini iliyofungwa kwenye kamba.

Kuna kijana wa Chumbageni ana ZZT230 ya 2001, yenye hiyo 1ZZ, hilo "kopo" lenu. Akaja kunicheka, nikamwambia kwa kuwa umekuja, tuinue na la kwako. Tukaliinua hapohapo mlangoni kwangu, mzee na sumaku yake. Sumaku haikudondoka mahali. Chini kukavu, mkunjo wa jeki umenyooka, matundu ya kutolea maji yako wazi. Karatasi yake ya mnada haina S hata moja. Anapima oili kila Ijumaa akitoka msikitini, kwa kuwa alisoma habari za hiyo injini kabla hajanunua. Kijana ana miaka ishirini na sita. Mimi nina arobaini na mbili, nilisoma maoni yenu.

Hayo matundu ya maji niliyoyataja ndiyo siri ya yote, na sijaona hata mtu mmoja ameyazungumzia humu. Chini ya milango na kwenye yale mabomba ya bati ya pembeni kiwanda huacha matundu madogo ya maji kutoka. Maji ya mvua lazima yaingie, yanapita kwenye kioo cha mlango, sharti yapate pa kutokea. Mtu akija na puti yake akaziba, au akapaka lami nzito chini ili gari lionekane jipya, maji yanabaki ndani. Kutu inaanza upande usiouona, inatoka nje ikiwa imeshakula kila kitu. Rangi inang'aa, ndani gazeti.

Halafu hapa ni Tanga. Kusi likianza linavuma kutoka baharini miezi na miezi, ukiegesha Raskazone jioni moja asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo unalamba chumvi. Baiskeli zetu zinajua, na hakuna mji unaojua baiskeli kama huu. Gari lililotoka Japani upande wa theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, likaja kuletwa kwenye chumvi nyingine, linakwenda wapi? Na nyie mnaotoa ushauri mko Dodoma na Singida, makavu matupu! Gari lenu la 1994 halina kutu mnadhani ni uhodari wa Mjapani.

Nije kwa yule wa Safari Rally, maana huyo ndiye aliyenimaliza. Nimekaa nikatafuta. Celica imeshinda Safari mwaka 1984, 1985, 1986, 1990, 1992, 1993, 1994 na 1995. Ni kweli, na 1993 ilizoa nafasi nne za kwanza, dereva Juha Kankkunen mbele. Lakini zile za 1992 mpaka 1995 zote ni ST185, kizazi cha tano. Cha tano! Kizazi cha sita, ST205, ndicho kilichokamatwa 1995 kwenye Rally ya Catalunya na kizuizi cha hewa cha turbo kilichochezewa, timu ikafungiwa miezi kumi na miwili. Ndiyo historia ya gari nililouziwa kwa jina la ubingwa. Na hata hiyo ST185, gari la timu linashonwa upya bati kwa bati, linabeba jina tu la gari la dukani. Langu ni ST202, haina turbo, inavuta miguu ya mbele peke yake. Bingwa wa nini?

Mtu ataniletea mifano ya Ulaya. Haya. Wapenzi wa Porsche 911 nao wana wimbo wao, kwamba 993, ya mwisho kupozwa kwa hewa, iliyoishia 1998, ndiyo 911 ya mwisho kuundwa kwa heshima, na 996 iliyofuata ni aibu. Sawa, walie. Ila 911 hizohizo, mabati yaliyochovywa kwenye zinki yalianza na toleo la 1976. Za kabla ya hapo, zile zinazouzwa sasa bei ya nyumba ya ghorofa, zilikuwa zinaoza kama samaki wa juzi. Unazoziona zinang'aa kwenye picha ni zile zilizopona au zilizoshonwa upya kwa pesa ambayo mimi na wewe hatutaishika. Zilizokufa nani anazipiga picha? Na hivyo ndivyo mlivyonipotosha. Mnaangalia Celica tatu za zamani zilizobaki mjini mnasema "unaona zinavyodumu". Wenzake mia wako wapi? Wamekuwa sufuria.

Mzee amenipigia hesabu: kukata pande zote mbili, kuchomelea bati jipya, kupaka dawa ya kutu ndani, kutoboa upya matundu ya maji, kupiga rangi. Milioni mbili na laki nane, na hapo kanihurumia. Mke wangu amesikia hiyo namba akiwa dirishani. Hajasema neno. Ameingia ndani, amefunga mlango wa nyumba. Dup.

NYONGEZA, saa kumi jioni: Nimeona majibu. Wa kwanza anasema ningenunua kwa mtu anayeaminika. Asante sana. Wa pili anasema "ungeangalia chini kabla ya kununua mkuu". Mwaka jana wewe huyohuyo uliandika "usipoteze muda kukagua, hizo ni chuma", nimepiga picha ya maneno yako, unaitaka? Wa tatu anauliza kama nauza rimu. Siuzi.

Nataka kila aliyeniambia "chuma" alale chini ya gari lake leo na sumaku, apige picha aiweke hapa. Za chini tu. Boneti na taa za mviringo sitaki kuziona.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Yule muuzaji nilimpigia tangu asubuhi hapokei, sasa hivi amepiga mwenyewe. Nilijua nitasikia pole. Anasema hawezi kurudisha pesa, ila nisiwe na wasiwasi, Celica ya zamani ina wateja, yupo mmoja Morogoro kaona nyuzi za humu anaitaka kweli. Ananiuliza kama naweza kuziba hayo matundu ya kutu kabla ya Jumamosi.