Jicho la mbwa jekundu na lina ukungu wa bluu, naweza kumtia matone yaliyobaki?

baba_simba:
Wakuu habari za muda huu. Mbwa wangu ana miaka mitano, tangu jana asubuhi jicho la kushoto limekuwa jekundu, analifumbafumba, machozi yanatiririka mpaka manyoya ya shavuni yameloa, na usiku kucha alikuwa anajisugua uso kwenye zulia. Leo nimemmulika na tochi ya simu nikaona kaukungu ka bluu, nikasema basi mtoto wa jicho huyo kaingia. Sasa kuna matone yalibaki ya paka wetu tangu mwaka jana, kwenye chupa wameandika deksamethasoni. Nimtie au? Natanguliza shukrani

bila_kelele:
Mtie tu mkuu, dawa ya jicho ni dawa ya jicho. Wa kwangu alipona siku mbili, dokta wa nini kwa tongotongo

tochi_na_pamba:
Hapana jamani, hiyo chupa iweke chini kabisa. Deksamethasoni ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), na kama konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, ina kidonda, steroidi inazuia kisipone, bakteria wanajipenyeza, konea inaweza kulainika kama ute ikatoboka. Nafanya kazi kliniki ya wanyama, nimeshaona macho yaliyopotea hivyohivyo na mwenye mbwa analia kwamba alikuwa anamtibu

Halafu mtoto wa jicho hauji kwa siku moja na maumivu hivyo. Wenyewe uko ndani, kwenye lenzi, nyuma ya mboni. Ukungu wa bluu juujuu ni konea imevimba maji, na hapo wa kuwaza ni kidonda, presha ya jicho, au uvimbe wa ndani ya jicho. Kwa macho tu vitatu hivi vinafanana sana, hata mimi sibahatishi

Dokta atakachofanya: anaanza na kikaratasi cha kupima machozi, kinaning'inizwa kwenye kope la chini dakika moja, mbwa mzima analowesha milimita 15 na kuendelea, chini ya 10 jicho ni kavu. Hiki kinatangulia matone yoyote ndo maana nawaambia watu msije mmeshamjaza dawa njiani. Anamulika mboni aone zinasinyaa sawasawa. Baadaye rangi ya fluoresini, anasuuza, anawasha taa ya bluu, palipochubuka panang'aa kijani kama taa. Na presha anapima kwa kifaa, kawaida ni kama 10 mpaka 25, ikizidi hapo na jicho jekundu hiyo ni dharura ya leoleo, maana mshipa wa kuona unakufa ndani ya masaa au siku chache

mama_paka3:
Naunga mkono. Na wenye paka msisahau presha ya damu. Bibi yangu wa miaka 14 (paka ndo namwita bibi) aliamka anagonga miguu ya meza, mboni zimetanuka zote mbili, wala jicho halikuwa jekundu. Nilidhani ni uzee. Kumbe presha iko juu, retina (utando wa kuonea ulio nyuma ndani ya jicho) zimebanduka, na chanzo ni figo. Kama una wasiwasi anaona au haoni, dondosha kipande cha pamba mbele yake, pamba haina sauti wala upepo, anayeona anaifuata

bila_kelele:
ok hapo kwenye steroidi nimeelewa, wangu labda nilibahatisha

tochi_na_pamba:
@baba_simba mvalishe kola (ile koni ya shingoni) asijikune, usimtie kitu, nenda leo

baba_simba:
Mrejesho. Tumerudi sasa hivi. Machozi yalikuwa milimita 22 upande huo, presha 14. Rangi ilipowekwa nikaitwa nije nione, kuna mstari wa kijani umepita kwenye konea kama mkwaruzo wa wembe. Dokta akamtia dawa ya ganzi, akainua kile kikope cha tatu (mbwa wanacho, kiko kona ya ndani ya jicho) kwa koleo, akatoa kimbegu cha nyasi chenye miiba, ukubwa wa punje ya mchele, kilikuwa kimejificha nyuma kinakwaruza kila akipepesa. Tumepewa antibayotiki ya matone na kola, tunarudi baada ya siku tatu apakwe rangi tena waone kama pamefunga. Ile chupa ya paka nimeshaitupa. Mbwa amelala na kola yake, kashaigonga kwenye kila mlango wa nyumba hii