Uliwahi kujitolea mji ukishapigwa na kimbunga au mafuriko? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Picha za mafuriko zikishapoa kwenye magrupu hatujui tena kule kunaendeleaje, so nataka waliowahi kwenda BAADAYE waseme kazi ilikuwaje.

Naanza mimi. Nilikuwa nasoma Marekani, likizo ya Machi 2007 tukaenda New Orleans na wenzangu wa chuo. Kimbunga Katrina kilipiga Agosti 2005, kingo za mifereji zikapasuka, kama asilimia 80 ya mji ikazama na maji yakakaa wiki kadhaa, na sisi tunafika mwaka na nusu ushapita kuna nyumba hazijaguswa kabisa. Kazi ni kubomoa ndani, jipsam zote chini, misumari itoke, zibaki mbao tu, maana ukungu ulishapanda mpaka darini. Friji limezungushiwa selotepu, tukaambiwa asifungue mtu, sasa jamaa mmoja likamponyoka kwenye ngazi mlango ukafunguka, wee! Watu walitapika mpaka barabarani. Mwenye nyumba bibi mtu mzima kakaa na kiti chake nje, kila tunachotoa anakikagua kwanza ndo kitupwe, hata vijiko. Kiongozi wetu alikuwa anaangalia saa, mi nikaona mwacheni mama wa watu akague.

Shangazi Mbagala: Mimi Desemba 2011, mafuriko ya Dar, wale wa Jangwani na Kigogo walipohifadhiwa mashuleni. Nilikuwa kwenye kuchambua nguo. Jamani watu wanatoa vitu! Viatu vya mguu mmoja, gauni la harusi, makoti ya baridi, Dar hii Desemba! Mama ana mtoto mgongoni anaulizia sufuria na neti, wewe unampa koti. Tangu siku hiyo mi natoa hela au sufuria mpya, basi.

Fundi Bati: Beira, Msumbiji, 2019 baada ya kimbunga Idai. Nilienda kuezeka, mabati yalikuwa yameruka mtaa mzima, ila wiki za mwanzo tuligawa dawa ya maji nyumba kwa nyumba coz kipindupindu kilishaingia. Kireno zero, nilikombolewa na dada wa Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, anapiga Kiswahili kama wa Mtwara.

Mtoto wa Temeke: Mtoa mada samahani, Marekani na hela zote zile wanahitaji wanafunzi wakabomoe nyumba?

Mtoa mada: Mkuu swali zuri. Hela zilikuwepo, kulikuwa na mpango unaitwa Road Home, ila fidia nyingi walipiga hesabu kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga, sio gharama ya kujenga. Sasa mitaa ya watu weusi nyumba bei yake chini ila saruji na mbao bei ni ileile, unapewa hela haifiki hata kwenye linta. Wenye nyumba wakaenda mahakamani 2008, kesi ikaja kumalizwa 2011.

Shangazi Mbagala: Kumbe ni kulekule tu. Fundi Bati, hebu rudi, mlitumia bati geji ngapi huko? Nina banda linaruka kila masika.