Maoni ya umma kuhusu miradi ndani ya mbuga, yanasomwa kweli?

jirani_wa_simba: Wadau niko Rongai, nasikia kuna mradi unapangwa ndani ya Nairobi National Park, sasa mtu wa kawaida anatoa maoni wapi na anapewa muda gani?

Mama Kui: Angalia notisi ya NEMA (mamlaka ya serikali ya mazingira) kwa gazeti ama Gazeti Rasmi la Serikali, ripoti ya tathmini ya mazingira ikitangazwa huwa wananchi wanapewa siku 30, unaandika barua na unataja jina la mradi, usiandike tu "nakataa", sema ukurasa gani na kwa nini.

otis254: Wanasoma wapi bana, reli ya SGR si ilipita tu juu ya mbuga na watu walipiga kelele mpaka kortini

Mama Kui: @otis254 hiyo ni kweli na iliniuma. Lakini 2020 KWS (shirika la wanyamapori) walitoa rasimu ya mpango wa mbuga wa miaka 10, watu wakaipinga kwa mambo ya hoteli na uzio upande wa kusini, huko wanyama wanapitia kwenda Kitengela. Kelele ilisikika hadi nje ya nchi.

jirani_wa_simba: Sawa mama, naenda ofisi ya NEMA kesho nisome ripoti yenyewe