Mrejesho: ndege wameanza kushuka uani

Wakuu, wiki tano zilizopita niliuliza kwa nini ndege wanaimba tu kwenye kichaka cha nyuma ya nyumba lakini uani kwangu hawatui, japo nawamwagia nafaka kila siku. Nimerudi na majibu.

Kosa kubwa lilikuwa maji. Beseni langu lilikuwa na kina cha karibu sentimita 15 na kuta za kuteleza. Ndege mdogo akitumbukia humo hatoki. Nikaweka sahani ya udongo, maji sentimita 3 hivi, na jiwe lenye uso wa kukwaruza katikati. Siku ya nne akaja chiriku mmoja. Alisimama juu ya jiwe, akageuza kichwa huku na huku, akachovya mdomo na kuinua shingo ili maji yateremke, kisha akajitosa na kupigapiga mabawa mpaka manyoya yakamsimama kama brashi. Nilisahau hata kupumua.

Aliyesema nisogeze sahani mita 3 kutoka kichakani, ahsante sana: paka wa jirani alikuwa akijibanza humohumo. Nafaka nimepunguza, maana zilizolala zilikuwa zinaota ukungu. Majani makavu chini ya mti sifagii tena. Ndege wanaokula wadudu wanayapekua wenyewe asubuhi.

Bado yupo mmoja kule msituni anayeanza kuimba kabla jua halijachomoza. Namsikia kila siku, simwoni. Darubini yangu inanionyesha majani tu.